Kumpiga picha mzee wa vita Siku ya Mashujaa: mwongozo wa hatua kwa hatua

Miaka kadhaa iliyopita binti mmoja alinipigia simu alfajiri. Baba yake alikuwa amefariki usiku ule, na mtu alikuwa amemwambia kwamba mimi hupiga picha Siku ya Mashujaa, hivyo huenda ninayo picha ya mzee akiwa na nishani zake. Mazishi yalikuwa kesho yake. Niliwasha kompyuta nikapitia picha zaidi ya mia nne. Mgeni rasmi alikuwamo kwa kila pembe: anashuka garini, anapokea saluti, anaweka mkuki na ngao. Baba wa yule binti nilimpata katika picha moja tu, mstari wa pili wa viti, nusu ya uso imezibwa na shada la maua la mtu aliyekuwa akipita. Ndiyo hiyo iliyokuzwa na kukatwa, ikawekwa juu ya jeneza, na macho yake hayakuonekana.

Ninaandika mwongozo huu kwa sababu ya simu ile. Askari aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera, leo anakaribia 70, na wengi wa wenzake walikuwa wakubwa kuliko yeye. Waliopelekwa Burma na King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, katika Vita Kuu ya Pili wanakaribia au wameshavuka miaka mia, kama wapo. Wengi wa wazee hawa hawana picha nzuri hata moja, wana ile ya kitambulisho tu. Ukienda na kamera, au hata na simu, unaweza kuwapatia nyingine. Hivi ndivyo ninavyofanya mimi.

Hatua ya 1: Jifunze shughuli inavyokwenda

Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai. Kwa miaka mingi shughuli ya kitaifa ilikuwa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, na miaka ya karibuni imekuwa ikifanyika Dodoma, lakini mikoani nako watu hukusanyika kwenye mnara wao. Mimi napenda zaidi za mikoani. Ulinzi si mkali kama wa kitaifa, na wazee huketi karibu na watu.

Utaratibu haubadiliki sana. Gwaride huingia, viongozi hufika, wimbo wa taifa hupigwa, tarumbeta ya maombolezo hulia, watu wote husimama kimya, kisha tarumbeta hulia tena. Baada ya hapo silaha za jadi huwekwa mnarani, kila moja na mwenyewe. Kitaifa, Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, na meya huweka upinde na mshale. Wa mwisho wao ni mwenyekiti wa wazee waliopigana vita, ambaye huweka shoka. Kisha viongozi wa dini huomba dua na sala.

Kumbuka hilo shoka, nitalirudia.

Kenya mambo ni tofauti kidogo. Kumbukumbu ya wale wa vita vikuu hufanyika Jumapili ya pili ya Novemba kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, na ukimya huanza saa 5 kamili asubuhi. Siku ya jeshi lenyewe, KDF, ni tarehe 14 Oktoba. Popote utakapokwenda, tafuta ratiba iliyochapishwa uijue kwa kichwa, maana ukishaanza kuuliza "sasa nini kinafuata?" jambo lenyewe limeshapita.

Hatua ya 2: Kibali na mavazi

Nenda ofisi ya mkuu wa mkoa au wilaya wiki moja kabla ujieleze: wewe ni nani, unataka kuwapiga picha wazee, picha zitakwenda wapi. Omba upewe mtu wa kuwasiliana naye siku yenyewe. Kama una kitambulisho cha mwanahabari, kivae shingoni.

Usivae kitu chochote chenye mabaka ya kijeshi, hata begi, hata kofia ya mtumba. Tanzania raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo, na hapo utakuwa umezungukwa na wenye sare zao. Vaa shati la rangi tulivu, suruali ndefu, na viatu visivyopiga kelele kwenye sakafu. Droni iache nyumbani.

Hatua ya 3: Nenda uwanjani siku moja kabla

Mwezi Julai, huku kwetu kusini mwa ikweta, jua halipiti utosini. Hupita upande wa kaskazini kutwa nzima. Jambo hili dogo ndilo linaloamua picha zako. Simama palipopangwa viti vya wazee, utazame vinaelekea wapi. Vikielekea kaskazini au mashariki, asubuhi nyuso zitapata mwanga. Vikielekea kusini, jua litakuwa mgongoni mwao na nyuso zitakuwa gizani, hivyo itabidi uwapige picha kabla hawajaketi.

Angalia pia hema. Hema jeupe ni neema, linalainisha mwanga kama kitambaa cha dirishani. Hema la bluu au la kijani ni taabu: rangi yake humwagikia uso wa mtu, na mzee mwenye ngozi nyeusi inayong'aa anatoka kama mgonjwa. Ukiona hema la rangi, panga mapema kuwapiga picha ukingoni mwake, pale kivuli kinapokutana na nje, mzee ameelekea nje. Mwanga wa pale ni mzuri kuliko wa studio nyingi ninazozijua.

Hatua ya 4: Fika mapema, weka kamera begini, salimia

Wazee wa jeshi hawachelewi. Shughuli ikianza saa 3, wao saa 12 na nusu wameshafika, wameketi kwenye viti vya plastiki, mjukuu amesimama pembeni na chupa ya maji. Muda huo kabla ya shughuli ndio wako. Viongozi hawajafika, waandishi hawajafika, na jua bado liko chini.

Usianze na kamera. Anza na shikamoo, kiti kwa kiti, bila kuruka mtu. Wengine wanapenda kuitwa afande na utaona mgongo ukinyooka ukilitamka, lakini shikamoo itangulie. Kisha jitambulishe na useme unachotaka. Mwaka mmoja mazungumzo yangu na mzee mmoja yalikwenda hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa gazeti gani?"

"Si wa gazeti mzee. Naomba kukupiga picha yako mwenyewe, nikuletee nyumbani."

"Wengi wamesema hivyo."

Akanisogezea kiti cha jirani hata hivyo. Nilikaa naye robo saa kabla sijafungua begi, akanionyesha goti linalomsumbua, akaniuliza kwetu ni wapi. Mzee aliyekuwa amekaza taya kwa ajili ya mgeni alikuwa ameshaondoka, amebaki mwenyewe.

Yako mambo ya kutouliza. Usimuulize ameua wangapi. Usimwambie alie, wala usimkumbushe aliyempoteza ili upate machozi ya picha. Muulize alianzia jeshi wapi, walikuwa na nani, walikula nini njiani. Akitaka kwenda mbali zaidi ya hapo atakwenda mwenyewe. Akikataa picha, mshukuru na uendelee kuketi dakika mbili tatu, ili asione kwamba ulikuja kwa ajili ya picha tu.

Tafuta pia wasio na nishani. Vita vya Kagera vilipiganwa na mgambo wengi sana waliotoka mashambani, pamoja na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na polisi. Baadhi yao huketi nyuma kabisa na makoti yao ya kawaida, bila bereti, na hakuna anayewaelekezea kamera. Wako pia wajane, ambao mara nyingine huja na picha ya marehemu kwenye mkoba. Omba uipige picha ile picha ikiwa mikononi mwake, vidole vyake vionekane.

Hatua ya 5: Picha ya uso, kabla ya gwaride

Hii ndiyo picha utakayompelekea, kwa hiyo itendee haki.

Kama una kamera, tumia lenzi ya milimita 85 au iliyo karibu na hapo. Lenzi pana ukiisogeza usoni huvimbisha pua. Tundu la lenzi f/5.6, maana ukifungua hadi f/1.8 macho yatakuwa makali lakini nishani kifuani zitafifia, na nishani zile ni maisha yake. Shata isishuke chini ya sekunde 1/250. Mikono ya wazee hutetemeka, vichwa huyumba kidogo, na wewe pia unapumua. Fokasi iweke kwenye jicho lililo karibu nawe.

Mwanga upime shavuni. Kamera ikipima eneo zima na kukuta hema jeupe, kanzu nyeupe na anga, itaona mwanga umezidi na kumtia mzee giza. Ongeza mwanga hatua moja, hata kama kanzu itapoteza mikunjo yake. Piga kwa faili ghafi la RAW ili uweze kurekebisha rangi baadaye.

Kofia za pama hutia macho kivulini. Usimwambie avue. Mwombe ainue kidevu kidogo, au ahame hatua moja mahali ardhi ni ya mchanga mweupe au saruji, ambapo mwanga hurudi juu usoni. Mwenye bereti hana shida hiyo.

Nishani zina tabia mbili za kuangalia. Kwanza hung'aa, na mng'ao mmoja mweupe kifuani huharibu picha nzima. Mwombe ageuze mwili kidogo tu, uso ubaki kwako, mng'ao utaondoka. Pili, hujigeuza. Upepo wa kusi ukivuma Julai nishani moja hugeuka ikaonyesha mgongo. Usinyooshe mkono wako kifuani mwake. Mwambie, naye ataiweka sawa, au atamwita mjukuu. Nilimwona mzee mmoja akiitengeneza yake: utepe ulikuwa umechakaa, umeshikizwa na pini ya nepi, na alipoifungua pini akaishika mdomoni huku anaulainisha utepe kwa kidole gumba, taratibu, mara tatu. Picha ninayoipenda kuliko zote za siku ile ni hiyo, na sikuwa nimeipanga.

Ukimaliza uso, piga nishani peke yake kwa karibu, ili baadaye uweze kusoma kilichoandikwa. Piga pia picha ya mikono yake.

Wenye simu: futa lenzi kwa kitambaa, gusa uso kwenye kioo, kisha telezesha alama ya jua juu kidogo. Zima kabisa kile kinacholainisha ngozi. Simu nyingi hukiwasha zenyewe, na kinafuta mikunjo na makovu ambayo mtoto wake anayajua moja moja. Usivute picha kwa vidole, sogea. Na ile ya kufifisha nyuma iache, mara nyingi hukata ukingo wa bereti na sikio.

Piga picha kumi hivi, zisizidi sana. Mwonyeshe moja. Wengi husema "nimezeeka," kisha huitazama tena.

Hatua ya 6: Shughuli ikianza

Zima sauti ya shata. Zima flashi. Chagua mahali pamoja pa pembeni ambapo unawaona wazee na mnara kwa pamoja, ukae hapo.

Wimbo wa taifa ukipigwa, simama wima. Tarumbeta ya maombolezo ikilia na ukimya ukianza, teremsha kamera mpaka kiunoni. Wapo wapiga picha wenye ujuzi wasiokubaliana nami hapa. Wanasema kamera isiyo na sauti haimsumbui mtu. Mimi nimewaona wazee wakiinuka kwa ajili ya dakika ile, mmoja ameshika fimbo kwa mikono miwili, mwingine ameegemea bega la mwanawe, miguu inatetemeka na hawaketi. Kama wao wanaweza kusimama hivyo, mimi naweza kuacha kamera.

Ila kidole kiwe tayari. Tarumbeta ya pili inapomalizika, kuna sekunde nne tano ambapo nyuso hurudi kutoka zilikokuwa. Macho hufumbuliwa, mtu hushusha pumzi, mkono hushuka kutoka kwenye saluti. Kiongozi wa kwanza akianza tu kutembea kwenda mnarani, nyuso hujifunga tena. Kwa hiyo kabla ya ukimya weka kila kitu sawa: fokasi kwa mzee uliyemchagua, mwanga umeshapimwa. Usihangaike na vitufe wakati ule.

Hatua ya 7: Shoka

Waandishi wengi wakishapata mkuki na ngao hulegea, na ikifika zamu ya mwenyekiti wa wazee wameshaanza kutuma picha ofisini. Wewe sogea wakati huo.

Anatembea polepole, kwa hiyo una muda. Simama ubavuni mwa njia yake, mbele kidogo ya mnara, uso uelekee kwako. Ukisimama nyuma utapata koti tu. Piga akiwa bado njiani, shoka mikononi, kabla hajainama. Akiinama uso hupotea. Kisha subiri. Baada ya kuliweka wengi hurudi hatua moja nyuma na kupiga saluti, na hapo ndipo mzee wa miaka sabini na kitu hunyooka kama kuruta. Lenzi ya milimita 70 hadi 200 inafaa, shata sekunde 1/500. Acha nafasi juu ya kichwa ili mnara uingie.

Hatua ya 8: Majina

Katikati ya Dar es Salaam kuna sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Ni kazi nzuri ya shaba, kila mtu anaijua. Haina jina la askari hata mmoja. Wapagazi wa vita vile walituachia jina la kikosi chao, Carrier Corps, ambalo sasa ni Kariakoo, lakini nyuso na majina yao wenyewe vimekwenda.

Basi andika. Daftari na kalamu, siyo simu pekee. Jina lote kama yeye anavyotaka liandikwe, cheo alichostaafu nacho, mwaka alioingia jeshini, mahali alipopigana kama yuko tayari kusema: Kyaka, Mutukula, Masaka, Kampala. Msomee ulichoandika, kisha mwombe namba ya simu ya mtoto wake, maana ya kwake huenda haipatikani. Kwenye kila ukurasa andika namba ya picha, la sivyo jioni utakuwa na wazee kumi na wawili wenye bereti na hujui nani ni nani.

Kuhusu mtandaoni, uliza waziwazi na uulize mara mbili, mara ya pili mwanawe akiwapo. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ridhaa, na hata isingetaka, mzee aliyekubali kupigwa picha hajakubali kuzungushwa kwenye makundi ya watu asiowajua. Anapoishi na namba yake ya jeshi usiziweke popote.

Hatua ya 9: Chapa, peleka

Chapa ndani ya wiki mbili. Ukisubiri mpaka "nikipata nafasi," nafasi haitapatikana, na kwa umri wao wiki ni nyingi. Ukubwa wa inchi 8 kwa 10 unatosha ukutani. Usiipige laminesheni, unyevu wa pwani huingia pembeni na plastiki hubabuka. Fremu ya mbao na kioo ni bora, na iache nafasi ndogo kati ya kioo na karatasi. Nyuma ya picha andika kwa penseli jina, mahali na tarehe. Wino hupenya.

Ongeza picha ndogo za pasipoti kutoka faili lilelile. Mstaafu hakosi fomu ya kujaza, na nimeshukuriwa kwa hizo ndogo kuliko kwa ile kubwa. Faili lenyewe lihifadhi mahali pawili, na mwanawe mtumie nakala kamili, siyo iliyobanwa na WhatsApp. Usitoze kitu.

Peleka mwenyewe ukiweza. Yule mzee aliyeniambia wengi wamesema hivyo nilimpelekea siku ya kumi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akazihesabu nishani kwa kidole kana kwamba huenda moja imebaki uwanjani. Kisha kidole kikapanda begani mwake, kikasimama kwenye kivuli cha mtu aliyefifia kwa nyuma, bereti na sikio tu.

"Na huyu mbona hukumtoa vizuri? Huyu ndiye alinivusha mto."

Nilimuuliza jina na anapoishi, nikaandika. Jioni ile nilifungua tena picha zote za siku ile, nikaanza upya kutoka ya kwanza, nikitafuta mahali popote ambapo yule wa nyuma aligeuka.